Mkasi wa Bi Hilwa

Rashidiya, Dubai
Tarehe 9 Machi, 2015

Dada yangu Paskazia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na mguu wako wa kushoto umepungua kuvimba, na mvua huko kwetu zinanyesha kwa kiasi. Wasalimie masista waliokupa chumba hapo parokiani. Waambie Zephania anawashukuru, ingawa najua wakilisikia jina langu watakunja uso.

Mimi huku ni mzima kabisa. Nina miaka sitini na sita na bado napanda ngazi na ndoo mkononi, wakati vijana wa nyumba ya jirani wakipanda mara mbili wanashika kiuno. Meno yangu yote yapo isipokuwa mawili, na hayo mawili niliyatoa kwa hiari yangu.

Kabla hujauliza, utaona mwandiko huu si ule uliouzoea. Anayeandika ni binti wa Kikenya anaitwa Loise, ambaye kazi yake ni kumtunza bibi mwenye nyumba hii. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia aandike kila kitu, hata ninapojisifu, maana ameshaanza kucheka na hatujafika popote. Kwa nini siandiki mwenyewe utaona mbele. Tafadhali usiruke kwenda mwisho. Nakujua tangu utoto.

Dada, najua ulivyoumia. Mwezi wa tisa mwaka jana Japhet, mtoto wa marehemu mdogo wetu, alinipigia simu akiwa katikati ya wanaume wa ukoo, simu imefunguliwa sauti wote wasikie. Akaniambia wameamua nyumba ya baba na kibanja chake cha migomba apewe Jairus, mtoto wa baba mdogo. Akasema wewe uliomba kubaki, ukawaambia umeniandikia mimi niliyekalishwa kwenye kigoda cha baba kama mrithi wake, na kwamba unangoja jibu langu, na jibu halikuja, kwa hiyo wamehesabu kunyamaza kwangu kuwa ni kukubali. Mimi nikasema kwa sauti yangu yote kwamba hukuniandikia neno lolote la nyumba. Nikasema, dada ananizulia. Japhet akayaandika maneno hayo kwenye karatasi, kama anavyokuandikia kila kitu tangu masikio yako yalipofungwa, ukayasoma mbele ya wanaume wote. Ndipo ukakunja nguo zako ukahamia kwa masista.

Hilo ndilo ninalotaka kulisemea. Lakini kichwa changu kimechanganyikiwa, dada. Nikianzia mwisho hutaelewa, na nikianzia mwanzo mimi mwenyewe sielewi vizuri. Nitaanzia kwa yule bibi.

Jina lake Bi Hilwa. Ni Mwarabu wa hapa kwa karatasi, lakini alizaliwa Unguja, akaondoka huko akiwa msichana. Kiswahili chake ni cha zamani, anakitoa polepole kama mtu anayetoa vyombo vya harusi kabatini. Watoto wake hawakijui. Mwanawe ndiye kafili wangu, yaani mdhamini wangu wa kazi, na alinichukua hapa mwaka wa 2011 magoti yangu yalipokataa kazi ya majengo. Unakumbuka nilivyokuwa mpaka rangi miaka kumi na tisa. Nusu ya Deira nimeipaka mimi. Mtu akikuambia Deira imepakwa na mtu mwingine, mwambie aonyeshe ngazi yake. Hapa kwa Bi Hilwa namwagilia bustani, nafungua geti, na kusema kweli nyumba hii ingeanguka bila mimi.

Bi Hilwa alipofiwa na mumewe akaanza kuchora. Kila siku picha moja, haizidi haipungui, baada ya chai ya asubuhi. Karatasi zake ni ndogo, kiasi cha kiganja cha mwanamume. Rangi yake ni ile ya kuchovya kwenye maji. Siku ya kwanza nilipoiona nilimwambia, Bi Hilwa, rangi gani hii inayotaka maji mengi kuliko rangi, hata banda la kuku huwezi kulipaka. Akanijibu kwamba yeye hana kuku. Lakini nilimfundisha jambo moja, aache tabaka la kwanza likauke ndipo aweke la pili, na tangu hapo picha zake zikapona. Hilo hata yeye anakiri.

Alichora vitu vya hovyo tu, na hapo ndipo nilipoanza kutoelewa. Birika. Paka amelala juu ya turubai la gari. Kiyoyozi kinachodondosha maji ukutani. Viatu vya watu nje ya msikiti. Nikamuuliza mbona hachori lile jengo refu ambalo watu wanapanda ndege kuja kulitazama. Akasema jengo lile lina watu wa kulichora, kiyoyozi hakina.

Siku moja aliitazama picha yake akasema ni bubu. Akataka chini ya kila picha pawe na maneno mawili matatu ya Kiswahili. Yeye amesomea herufi za Kiarabu. Hata Kiswahili, mama yake alimfundisha kukiandika kwa herufi hizo, na hizi zetu za kizungu hawezi kuzisoma. Akanisukumia kalamu. Akasema, weye Zephania umesoma, andika.

Dada, nilikuwa nimemwambia hivyo kweli, kwamba nimesoma. Basi nikaitazama kalamu nikaona hatari. Nikamwambia kwamba mwandiko wa mkono unaharibu picha, mimi ni mtu wa rangi najua, na kwamba maneno yaliyopigwa chapa ndiyo yanayokaa vizuri. Nikatoa mfukoni tangazo la wale mawakala wa mizigo wa Deira ninaopitishia vifurushi vyako, wanaliandika kwa Kiswahili kwa ajili yetu. Nikasema tukate humu. Akanitazama kwa muda. Kisha akaingia ndani akatoka na mkasi mdogo kama kidole, mkasi wa nyuzi, mama yake alidarizia nao kofia huko Unguja. Akasema ni fikra nzuri mno, hajapata kuisikia. Na mimi nikasema ndivyo tunavyofanya siku zote.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila asubuhi yeye anachora, mimi namsomea maneno. Maana neno moja moja nalipata, dada. Ulinifundisha mwenyewe kwa mkaa kwenye mgomba uliolala, baada ya mimi kutoroka shule darasa la pili. Nikiweka kidole chini ya neno, likiwa peke yake, nalipata. Yakiwa mengi yananikimbia. Nikifika la nne, la kwanza limeshaondoka. Lakini kwa kazi hii neno moja moja ndilo lililotakiwa, kwa hiyo hakuna aliyejua. Nasoma neno, Bi Hilwa anafumba macho analisikiliza kama anaonja mchuzi, anasema kata, au anasema acha.

Tulikata kwenye matangazo ya mizigo, kwenye paketi za majani ya chai ya kwetu, kwenye magazeti mliyofungia dagaa, kwenye karatasi za dawa alizoniletea mtu kutoka hospitali ya Bukoba. Chini ya vile viatu vya msikitini tuliweka hivi:

mwenye mzigo
hayupo
viatu vipo

Na chini ya picha ya dirisha lake, mwezi wa saba joto lilipokuwa linaua, tukaweka:

jua
kutwa mara tatu
usizidishe

Bi Hilwa alicheka mpaka Loise akaja mbio akidhani amepaliwa. Akaniita malenga. Mimi sikushangaa sana. Siku zote nilijua nina kitu kichwani, ni walimu tu hawakukiona.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Loise amesimamisha kalamu ananitazama. Nimemwambia andika.

Mwandiko ule mzuri dada, ule uliowaonyesha mpaka masista, ule niliokuambia nimeupata kwenye madarasa ya jioni kule Deira, si wangu. Ni wa Francis, Mkenya niliyekaa naye chumba kimoja Satwa. Alikuwa mlinzi wa benki, mtu mtaratibu. Miaka minane, hata baada ya mimi kuhamia huku, yeye ndiye aliyenisomea barua zako, na yeye ndiye aliyezijibu, mimi nikisema. Hakuna darasa la jioni. Niliogopa utanicheka, maana wewe kwa mkaa tu ulijua kusoma kabla yangu, na mimi ndiye niliyepanda ndege.

Mwezi wa tano mwaka jana Francis aliondoka moja kwa moja kwenda kwao. Mwezi wa sita ikaja barua yako, kwenye sanduku la posta la kafili wangu. Nikaiweka mfuko wa shati. Nilitaka nimtafute mtu wa kunisomea. Loise alikuwepo hapa hapa, anasoma Kiswahili na Kiingereza na simu yake siku nzima, lakini Loise nilikuwa nimemwambia nimefika kidato cha pili. Angeniambia, eh mzee, si ulisoma wewe. Ana mdomo binti huyu. Hapa amesema ni kweli ana mdomo, na ameandika mwenyewe.

Basi barua ikakaa mfukoni wiki ya kwanza, ikakaa ya pili. Nikajiambia barua za Paskazia nazijua. Salamu, kahawa, mguu, nani amezaa, nani amekufa. Nikajiambia Francis akipata simu mpya atanipigia, nitajua la kufanya. Nilijiambia mengi.

Asubuhi moja Bi Hilwa akachora kitu ambacho hakikuwa mbele yake. Alichora mlango. Mlango wa nyumba yao ya Unguja, wa mbao, upande mmoja uko wazi kidogo, na ndani giza. Aliuchora kwa kukumbuka. Akaniambia nimtafutie maneno. Nikafungua matangazo yote. Uzito. Kilo. Bandari. Kontena. Nikafungua paketi za chai. Mahali pakavu. Hakuna neno la mlango wa mtu. Akaweka brashi chini akageuza uso, na mimi sipendi kushindwa kazi mbele ya watu.

Nikatoa barua yako.

Dada, unaandika herufi kubwa, moja moja, kama unavyowaandikia watoto wa katekisimu ubaoni. Hakuna mwandiko duniani ninaousoma kwa urahisi kama wako. Bi Hilwa akaniuliza hiyo ni nini. Nikasema ni barua ya dada yangu. Akauliza umeshaisoma. Nikasema nimeshaisoma, salamu tu. Akaniuliza mara ya pili, umeisoma kweli, maana maneno ya mtu si gazeti. Nikasema Bi Hilwa, mimi nitakudanganya wewe kwa lipi.

Nikaweka kidole nikaanza. Kila neno nililomsomea alisema kata. Alikuwa kama mtu mwenye kiu. Nikakata kwa mkasi wa mama yake, tukayapanga chini ya mlango, tukabandika. Yalikaa hivi:

nyumba ya baba
wanaume wamekaa
mlangoni
nangoja
neno lako moja

Alilia. Akasema ni nyumba yao hasa, baba yake na wageni wake wamekaa barazani, na yeye msichana nyuma ya mlango anangoja baba amwite. Mimi nikafikiri ni mimi, ninavyokaa getini kwa watu nikingoja kuambiwa fungua. Nikajisifu moyoni. Vipande vilivyobaki nikavitia kwenye kopo la biskuti tunamoweka mabaki, maana sitaki kutupa karatasi yenye neno, na nikarudi kumwagilia mkunazi. Nimekaa nayo hiyo barua wiki mbili bila kujua ina nini, na nimeikata kwa robo saa.

Ndipo mwezi wa tisa Japhet akapiga ile simu.

Naapa kwako, niliposema hukuniandikia neno la nyumba, sikujua nasema uongo. Nilijiona nimeonewa. Barua ya mwezi wa sita kwangu ilikuwa ni salamu, kwa kuwa nilikuwa nimeshasema kwa mdomo wangu kwamba ni salamu, na mimi nikishasema jambo naliamini, na yale maneno tuliyoyakata kwangu yalikuwa yameshakuwa ya mlango wa Bi Hilwa. Nikakasirika. Nikangoja uniandikie kuniomba radhi. Mwezi wa kumi hakuna. Krismasi hakuna, mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani. Nikamwambia kila mtu hapa kwamba nina dada ameniasi kwa sababu ya kibanja. Usiku sikulala vizuri lakini nikasema ni kiyoyozi.

Sasa mwezi uliopita, Amna, mjukuu wa Bi Hilwa anayesoma chuo kikuu, akazichukua zile picha. Akachagua sitini, akazitundika kwenye ukumbi mmoja wa wasanii, kwenye maghala ya zamani, na chini ya kila picha maneno yetu ya Kiswahili, na chini yake tena kwa Kiarabu na Kiingereza. Ukutani palikuwa na majina mawili makubwa, la Bi Hilwa na la kwangu. Nilivaa suti ile ya kijivu. Watu walikuja, wazungu, Waarabu, Wahindi, wanatembea polepole kama wako kwenye maziko, wananong'ona. Mtu mmoja mwenye miwani alinitafuta, akauliza kupitia kwa Amna nimefuata shule gani ya ushairi. Nikamwambia ya Deira. Akaandika.

Wengi walisimama kwenye ule mlango. Mwanamke mmoja alifuta macho kabisa. Yule mwenye miwani akasema anataka kuinunua aende nayo kwao. Na mimi nilisimama pembeni yake mikono nyuma, kama mwenye ng'ombe mnadani.

Loise alikuwa amemshika mkono Bi Hilwa. Akafika pale, akasoma. Yeye hakusoma Kiingereza cha chini, alisoma mwandiko wako. Akasoma tena. Akaniambia taratibu, mzee, maneno ya picha nyingine zote yamechapwa, haya yameandikwa na mtu. Nikamwambia ndiyo, ni ya dada yangu. Akaniuliza dada yako yule wa nyumba? Maana nilikuwa nimewachosha wote kwa habari zako. Nikasema huyo huyo. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Kisha akasema, mzee, hii si shairi, huyu mtu anakuomba kitu.

Nilimwambia akae kimya. Nilimwambia yeye ni wa kubadilisha mashuka, hajui mambo ya malenga. Naomba radhi kwa hilo, na nimemwambia aliandike.

Lakini neno lile la kuomba lilikuwa limeshaniingia. Nikaenda ukutani nikaitoa ile picha, mbele ya yule mwenye miwani. Amna akaja juu, akasema mzee unafanya nini, khalas, basi yatosha, irudishe, watu wanatazama. Nikasema sirudishi. Akamtazama bibi yake. Bi Hilwa akasema mwache, picha ina wenyewe.

Kesho yake asubuhi tukalimwaga lile kopo la biskuti kwenye meza ya jikoni. Loise akatafuta vipande vyako kati ya matangazo ya mizigo na karatasi za dawa, na havikuwa vigumu kuvipata, maana ni vyako peke yako vyenye wino wa kalamu. Akavipanga. Pakabaki matundu matano. Tukaiweka picha pembeni, na kila tundu lilikuwa na neno lake chini ya ule mlango. Akanisomea. Nakuandikia tena kama ulivyoandika, ili ujue kwamba sasa imefika:

"Ndugu yangu Zephania. Wanaume wamekaa. Jairus anataka nyumba ya baba, anasema mimi niliolewa nikarudi, sina changu hapa. Nimewaambia mrithi ni wewe na wewe hutanifukuza. Simu hawaitaki, wanasema kwenye simu mtu yeyote anaweza kusema. Wanataka neno lako moja kwa mkono wako mwenyewe kabla kahawa haijaisha kuvunwa. Nakaa mlangoni kila siku, nangoja anayetoka posta. Ukinyamaza nitajua umekubaliana nao."

Nilikataa, dada. Nilimwambia Loise amesoma vibaya, Kiswahili chao ni kingine. Akaisoma tena. Nikakataa tena. Akasukuma kiti akasema basi soma wewe mwenyewe, wewe si wa kidato cha pili. Nikaweka kidole. Nilianza wakati Bi Hilwa anakunywa chai, nikamaliza wakati wanaadhini adhuhuri. Kila neno likitaka kuondoka nililirudia tangu mwanzo. Nimefika mwisho. Hiyo ndiyo barua ya kwanza niliyoisoma nzima tangu nizaliwe, na ilikuwa imechelewa miezi minane.

Sasa ujue nilivyochanganyikiwa. Watu wale ukumbini walilia kwa ajili yako na hawakukujua. Walipiga makofi, na mimi niliinama kuyapokea. Bi Hilwa anasema hata sasa akiyasoma yale maneno anaiona nyumba ya baba yake, hawezi kujizuia, na ananiuliza kama ni dhambi. Sijui nimjibu nini. Amna anasema shairi ni langu kwa kuwa mimi ndiye niliyeyakata. Loise anasema ni la kwako. Mimi nilikuwa najua kila kitu, na sasa sijui hata hilo dogo. Najua tu kwamba ulikaa mlangoni, na mimi nilikuwa na mlango wako mfukoni.

Nilitaka kuyatoa yale maneno na kuyarudisha mahali pake kwenye barua. Bi Hilwa akaniambia gundi ile inatoka kwa maji, lakini rangi nayo inatoka kwa maji, ukiyabandua maneno na mlango utaondoka. Nikakaa nayo siku nzima. Mwisho nimeamua hivi, ninakutumia vyote. Picha iko ndani ya kadibodi mbili, usiikunje. Vipande vya barua yako viko kwenye bahasha ya kaki. Yule mwenye miwani amepiga simu mara mbili, nimemwambia Amna amjibu kwamba mwenyewe yuko Bukoba.

Tena kuna jambo moja la mwisho, na ndilo gumu kwangu. Wanaume walitaka neno kwa mkono wangu. Nikimwambia Loise aliandike, si mkono wangu. Nikiliandika mimi, Jairus atatoa barua za zamani, ataonyesha ule mwandiko mzuri wa Francis, atasema huu mbaya si wa Zephania, Paskazia ameandikiwa na masista. Namjua Jairus. Kwa hiyo hakuna njia nyingine ila ukoo mzima uambiwe. Nakuomba uwaite, pamoja na Japhet, na barua hii uisome wewe mwenyewe kwa sauti, kwa kuwa sauti yako haikupotea pamoja na masikio. Usiruke pale pa darasa la pili. Usiruke pa Francis wala pa madarasa ya jioni. Wakicheka, waache wamalize, kisha uendelee. Hutawasikia, lakini utawaona. Afadhali wanicheke mimi kuliko waendelee kukuita wewe mwongo. Neno hilo nililisema mimi, na nimelirudisha mimi.

Nimejizoeza siku nane. Bi Hilwa amenipa brashi yake kubwa na bilauri ya maji, naandika kwenye vigae vya uani, jua linakausha, naandika tena. Loise anasimama nyuma yangu na mdomo wake. Anasema herufi zangu zinatembea kama walevi lakini zinafika nyumbani.

Bi Hilwa anakusalimu sana. Anasema umsamehe kwa mkasi wake, na kwamba mlango ule sasa ni wa nyumba mbili. Loise anakusalimu, anasema angependa siku moja aione migomba ya kwetu. Nisalimie Japhet na mkewe, na mtoto wao ambaye sijamwona. Nisalimie kaburi la baba na la mama, ukirudi nyumbani. Mungu wa baba wa Walutheri na Mungu wa mama wa Wakatoliki, maana walitugawana wewe kule mimi huku, wote wawili wakutunze.

Hapa Loise ananipa kalamu. Mkono unaofuata ndio wangu.

NDUGU ZANGU.
NYUMBA YA BABA NI YA DADA PASKAZIA.
AKAE MPAKA AFE. AZIKWE KARIBU NA BABA.
DADA ALIANDIKA.
MIMI SIKUJUA KUSOMA.
DADA ALISEMA KWELI.

ZEPHANIA